Jibu: Uzito wa mama na vichupa viwili kwenye fomu ya bima

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umeuliza kwa nini mama akitoka Ukerewe kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, hupimwa uzito upya kabla ya dripu ya dawa ya saratani, na kwa nini fomu ya bima inasema vichupa viwili vya dawa wakati dozi haikuvimaliza. Dozi hukokotolewa kwa eneo la mwili, linalopatikana kwa urefu na uzito. Doksorubisini, dawa ya dripu, kwa saratani ya titi mara nyingi ni miligramu 60 kwa mita ya mraba ya mwili; mwenye mita za mraba 1.5 anahitaji miligramu 90. Kama vichupa ni vya miligramu 50, vitafunguliwa viwili, 10 zibaki. Mabaki hayo msiyaombe, ni hatari kuyagusa. Na akikonda, uzito wa zamani ungemzidishia dawa! Fomu isomeni kabla hajasaini. Baadhi ya dawa huhitaji kibali cha bima. Ulizia kabla hamjapanda kivuko.