Ukienda Valletta, mchuchumio uache hotelini

Nawaambia mapema, hasa nyie kina dada, ukipanga kwenda kuliona kanisa la Mtakatifu Yohane pale Valletta, Malta, vaa viatu flati. Dada yangu alikuja kavaa mchuchumio, getini wakamkatalia, ikabidi turudi mtaani na jua lile tukamtafutie ndala. Nilikasirika kweli, ila nilivyoingia tu hasira zikaisha maana sakafu yote ile ni makaburi jamani! Yako kama 400 hivi, marumaru za rangi zimekatwa vipande vipande zikaunganishwa mpaka zikawa picha, mafuvu, malaika, ngao za koo, na chini wamelala watawa wanajeshi wa Mtakatifu Yohane, wenyewe ndo waliojenga hilo kanisa 1572 mpaka 1577. Sasa kisigino chembamba kikitua hapo uzito wote wa mtu unaishia kwenye ncha, jiwe litaacha kubanduka?

Kwa nje usikate tamaa, ni ukuta mkavu kama ngome, si unajua walitoka kuzingirwa na Waturuki 1565. Dhahabu zote ziko ndani, zimekuja karne iliyofuata, Mattia Preti akachora dari zima kwa rangi za mafuta juu ya jiwe lenyewe. Watu wanaingia shingo juu, wanapiga picha, wanatoka. We shusha macho, tembea taratibu, kila kaburi lina mambo yake. Mabega funika, mi nilijitanda khanga yangu na ikatosha. Nenda asubuhi kabla watu wa kwenye meli za utalii hawajashuka, na Jumapili usihangaike, ni siku ya misa.

Ila muda wako mwingi uweke kwenye kile chumba cha pembeni chenye picha ya Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa, ya mwaka 1608, imejaa ukuta mzima. Aliyeichora ni Caravaggio, aliua mtu Roma 1606 akakimbia, huku Malta wakampokea mpaka wakampa utawa. Angalia damu inayomtoka Yohane shingoni, Caravaggio jina lake mwenyewe kaliandika kwa damu hiyo hiyo, na hamna picha yake nyingine yoyote aliyoisaini. Mwaka huo huo wa 1608 haujaisha wakamfukuza utawani, na kikao cha kumfukuza walikifanyia humo humo, mbele ya hiyo picha. Mi nilikaa kwenye benchi pale mpaka dada akaja kunifuata, na ndala zake mguuni, naye akakaa.