Daraja la Zamani Bado Lina Treni: kwa mnaoanza kazi

Wengi wenu mnatoka chuoni mmeshiba hesabu za chuma na zege. Sawa. Lakini kwenye daraja la reli linalopitisha treni kutwa kucha, kinachoadimika ni saa. Mwaka wangu wa kwanza niliipanga kazi ya saa sita ndani ya saa nne tulizofungiwa njia. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa bado tunakaza boliti, na treni ya kwanza ya abiria imekwama stesheni ikitusubiri. Tangu siku ile naanza hesabu kutoka mwisho: treni ya kwanza inapita saa ngapi, umeme unarudi lini, reli inapimwa lini. Kinachobaki ndicho muda wako, na bado toa nusu saa.

Chukueni Portal Bridge, daraja la reli la New Jersey, Marekani. Ni daraja la 1910, lililokuwa likibeba treni zipatazo 450 kwa siku kwa njia mbili tu za kuingia New York, likizunguka juu ya nguzo yake ya katikati kupisha vyombo katika mto Hackensack. Kufunguka si taabu sana. Taabu ni kurudi. Ncha za reli zisipokaa sawasawa, ishara haitoi ruhusa, na mafundi wamewahi kuzigonga kwa nyundo kubwa ili zikae huku treni zikipangana nyuma. Ujenzi wa daraja jipya ulioanza 2022 uliliacha la zamani litumike. Jipya likasimamishwa kando, matao yake matatu ya chuma yakaletwa kwa matishari, nalo lina futi 50 juu ya maji badala ya 23, kwa hiyo halihitaji kuzunguka. Mashine mnayoweza kuifuta kwenye mchoro, ifuteni.

Ila kujenga kando huisogeza tu shida hadi pale njia mpya inapoungana na ya zamani. Tuta, mataruma, nyaya za umeme na ishara, vyote vinakutana hapo, na huhamishwa njia moja kwanza, ratiba ikiwa imepunguzwa. Watu wa ishara waiteni tangu kikao cha kwanza. Nimeona reli safi ikilala siku mbili bila treni kwa sababu ya kebo moja.

Kwenye daraja la reli la mto Thames, Connecticut, huko huko Marekani, Juni 2008, kipande cha 1919 kilichokuwa kikiinuka upande mmoja kiliondolewa, na kinachopanda wima kikawekwa palepale. Njia ilifungwa siku 4 tu. Maandalizi yalikuwa yamefanyika kitambo. Na upande wa juu wa mto huo kuna kambi ya nyambizi za jeshi, hivyo hata maji hamjifungii mtakavyo.

Jambo jingine, dogo: kaeni zamu moja na mzee anayelizungusha daraja. Mmoja aliniambia kwamba siku za joto kali huwaomba wenye vyombo wapite alfajiri, kabla chuma hakijatanuka na daraja kugoma kufunga. Nililitafuta hilo kwenye michoro yetu yote. Halikuwamo.