Kila Ijumaa nalewa, Jumamosi sikumbuki kitu

*Shangazi, nasoma mwaka wa pili Nairobi, kwetu ni Malindi. Siku za wiki sigusi pombe, lakini Ijumaa nikianza na wenzangu hosteli siachi mpaka chupa iishe. Juzi walinionyesha video nacheza ngazini bila viatu; sikumbuki chochote. Likizo nikirudi mtaani kwetu Shela tunakaa barazani na kahawa hadi usiku, wala sitamani pombe. Mama hajui. Nikikataa kunywa, nitabaki na nani?*

Mwanangu, hapo pa barazani ndipo pamenipa moyo. Mnapiga soga, vikombe vya kahawa chungu vinazunguka, unacheka na wenzio na koo halikuwashi. Basi mwili wako haujaanza kuidai pombe. Unachoogopa ni kutengwa.

Hofu hiyo imechunguzwa. Mwaka 1993 wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wengi walidhani wenzao wameridhika na ulevi wa chuoni kuliko wao. Moyoni mna wasiwasi, lakini mkononi glasi iko juu, na aliye kando akiiona anajihesabu mwoga peke yake. Lililonisikitisha ni hili: muhula ulivyosonga, wavulana waliubadili msimamo wao ukaelekea ule waliodhani ni wa wengi. Wasichana hawakubadilika hivyo. Sitashangaa kama hosteli yenu ina kijana anayeomba mtu mwingine atangulie kusema basi.

Ile video usiichukulie kuwa kichekesho. Ulikuwa macho, pengine hata unajibu ukiulizwa, ila pombe ilikuwa imeizuia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Hutokea mtu akinywa mengi upesi, hasa tumbo likiwa tupu. Wala usijipe moyo kwamba ni Ijumaa tu. Kwa kipimo cha wataalamu wa Marekani, mwanamume akinywa vinywaji vitano, au mwanamke vinne, ndani ya saa mbili hivi, huko ni kunywa kupita kiasi, hata kama wiki nzima hakuonja.

Usisimame mbele ya kundi kutangaza umeacha. Watakuzomea hata wanaokubaliana nawe. Mtafute mmoja, mchana, mkiwa wawili, umwulize kama naye hachoki. Ijumaa hii kula kwanza, chelewa kwenda, na soda yako uinunue mwenyewe. Ukikuta karata za anayeshindwa anywe, usikae. Anayekukataa kwa sababu ya soda, mwanangu, mwache aende.

Na mwenzenu akizima, msimfunike shuka mkaenda zenu. Mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi, mmoja akae naye. Akipumua polepole mno au asipoamka mkimtikisa, mkimbizeni hospitali. Kahawa na maji baridi hayamsaidii.

Mama mwambie mwenyewe ukirudi likizo, si kwa simu. Atakasirika, na ana haki, lakini ni heri alisikie kwako kuliko kwa jirani.

Ukiona Ijumaa imeanza kuwa Alhamisi, au mikono inatetemeka asubuhi, usingoje likizo. Piga 1192, nambari isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uzungumze na mshauri siku hiyo hiyo.