Kwanza jicho la mhusika, wasifu baadaye

Mmeuliza wiki hii: mhusika wa hadithi huaminika kwa wasifu wake au kwa matendo yake? Mimi naanzia kwingine. Huaminika kwa kile anachokiona, na kile kinachompita.

Tuseme kuna sebule imejaa waombolezaji. Akiingia seremala, ataona mlango unakwaruza sakafu kabla hajamwona mfiwa. Akiingia mtu aliyekuwa akimdai marehemu, macho yatahesabu yenyewe: televisheni, kabati, saa ya ukutani. Kisha ataona haya, atainamisha kichwa. Hatujaambiwa umri wao wala sura zao, ila tumeshawajua. Huyo mdai ndiye wangu, kwa sababu tamaa na haya vimemfika kwa pamoja. Hapo anaacha kuwa mhusika bapa, mwenye sifa moja tu, na kuanza kuwa duara, mwenye pande nyingi, kwa mgawanyo ule wa mwandishi Mwingereza E. M. Forster wa mwaka 1927 ambao wanafunzi wa fasihi hukaririshwa mpaka leo.

Zile orodha za kujaza kabla ya kuandika (chakula akipendacho, rangi aipendayo) sijaona faida yake. Swali moja linanitosha: ni kitu gani hataki watu wakijue?

Sasa mtazamo, yaani hadithi inaonwa kwa macho ya nani. Tumo kichwani mwa mdai, mara aya hiyohiyo inasema mjane “alijua fika huyu kafuata hela zake.” Mdai kajuaje yaliyo kichwani mwa mjane? Mtunzi angemwonyesha mjane akiitungua ile saa na kuipeleka chumbani bila neno, mdai angeelewa, nasi tungeelewa naye.

Wengi hukimbilia nafsi ya kwanza wakidhani itawaokoa. Nayo ina mitego yake. “Nikasikia mlango ukikwaruza” humweka msimulizi katikati ya msomaji na mlango. “Mlango ukakwaruza” yatosha, sikio ni lake tayari. Na msimulizi anayesema “uso wangu ukapauka” bila kioo mbele yake, kauonea wapi?

Msimulizi maizi, ajuaye yote, simkatai. Ana ruhusa ya kuingia kila kichwa, mradi sauti yake mwenyewe isikike tangu ukurasa wa kwanza. Akizuka katikati ya riwaya kwa kuwa tu mtunzi amekwama, na kuna siri ambayo hakujua aitoboe vipi, msomaji ana haki ya kukasirika.