Mimi si askari jela

Haya, shangazi kauliza kwenye grupu la ukoo kama ni kweli huku Edmonton, Kanada, nimekuwa askari jela, mdogo wangu naye kaongezea chumvi eti nalinda Wahindi Wekundu. Nimetoka shifti ya usiku macho yanauma, najibu mara moja tu.

Kwanza hilo jina liacheni, huku ni tusi. Hao ndio wenyeji wa nchi na wana makabila yao, Wacree, Wadene, Wablackfoot, kama sisi tulivyo Wadigo na Wasambaa.

Pili, si jela, ni nyumba ya mpito. Kanada ukifungwa miaka 2 kwenda juu unakuwa mfungwa wa serikali kuu, na ukishakula theluthi mbili za kifungo kwa kawaida wanakutoa umalizie nje kwa masharti, wengine wanatoka mapema kwa paroli, sasa wengi wao hawana pa kulala ndio wanaletwa kwetu. Mchana anahangaika na kazi, usiku lazima awe ndani. Mimi nakaa mezani anasaini kutoka, anasaini kurudi, nazunguka vyumbani na tochi kuona kama wanapumua maana fentanili, dawa kali ya kulevya, inaua huku, na nasimama pembeni mtu akikojoa kwenye kikopo apimwe madawa. Ndiyo, digrii ya ualimu inasimamia mkojo, chekeni mmalize. Ila ndiyo iliyoezeka ile nyumba ya mama.

Hawa wenyeji ni kama asilimia 5 tu ya nchi nzima, lakini kwenye magereza ya serikali kuu ni karibu theluthi, kwa wanawake ni kama nusu. Mimi nilipofika nilisema kama Waafrika wengi tunavyosema huku, walevi hao, wanapewa hela ya bure wanakunywa. Mpaka mzee mmoja pale kanihadithia alivyochukuliwa na miaka 6 kupelekwa shule ya bweni ya mapadri, akitoa neno la Kicree ni fimbo, akarudi nyumbani mkubwa hawezi hata kuongea na mama yake. Watoto zaidi ya 150,000 walipita kwenye shule hizo na za mwisho zimefungwa miaka ya 1990, mimi nikiwa tayari nimezaliwa.

Kuna mwingine alikaa ndani miaka 11. Wiki ya kwanza akifika mlango wa jikoni anasimama, mikono ubavuni, kimya. Ule mlango hauna hata komeo. Nikamwambia kaka sukuma tu, akaniangalia kama namtega.

Raha ipo pia. Mzee wao wa mila akija anachoma majani makavu kwenye kombe kubwa la baharini, wanajipaka moshi kichwani na kifuani, mimi nakumbuka chetezo cha bibi Alhamisi jioni. Na wana mkate wao wa kukaanga, bannock, ukitia hiliki ni andazi kabisa, nimewatilia wamekubali.

Sasa linaloninyima usingizi. Mwezi uliopita kijana mmoja alifiwa na bibi yake aliyemlea, akapewa ruhusa ya kwenda msibani mpaka saa 4 usiku. Sisi msiba tunalala matanga siku tatu, yeye saa 4. Karudi saa 7 ananuka pombe, na masharti yake ni asionje hata tone. Kalamu ninayo mimi. Nikaandika, nikapiga simu, asubuhi polisi wakaja. Alipita mbele ya meza yangu na pingu akaniambia usijali kaka, wala hakunitukana, afadhali angenitukana.

Jumatatu kitanda chake kikapata mtu. Dumu lake la maziwa lenye jina lake bado liko kwenye friji, limeshaharibika, kila shifti nalisogeza pembeni nachukua langu.