Jibu: Kiro'o Games walianzaje?
Kaka, umeuliza Kiro'o Games walianzaje, na kama vijana watatu wa Likoni wanaweza kufuata njia ile. Wale ni studio ya kutengeneza gemu za video, ya Yaoundé, Kameruni. Mwanzilishi wao, Madiba Olivier, alianza na wazo la gemu yao, Aurion, mwaka 2003. Studio yenyewe ikafunguliwa 2013, gemu ikatoka 2016. Piga hesabu: miaka 13! Pesa walipata kwa kuwauzia watu hisa kupitia intaneti, kisha 2015 wakachangisha tena kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi. Na umeme ulikuwa ukiwakatikia kazini. Hilo sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa. Mimi ningeanza na gemu fupi ya simu, yenye matatu na feri, watu wacheke kwanza. Kompyuta mnazo lakini?