Mpe msikilizaji nafasi ya kuijibu kanda

Wewe unayeanza kazi ya hifadhi za sauti hapa Moshi, kabla hujawaza spika wala meza ya kuwachezea watu kanda za zamani, jiulize: mtu akishasikia, afanye nini? Akiachiwa kusikiliza tu, ataondoka wimbo haujafika katikati. Akiulizwa anachokijua, atavuta kiti.

Na wasikilizaji wanajua mengi. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi nyimbo Tanganyika mwaka 1950, na wengine walifuata, lakini kanda nyingi za zamani zina maelezo ya mstari mmoja. Nimeshika kaseti iliyoandikwa "Wachagga, wimbo wa mavuno", basi. Tulipoicheza, mama mmoja mtu mzima alisikiliza kidogo tu akasema, "Huyu si wa Machame, anaongea Kirombo. Na hapa anabembeleza mtoto, mavuno yako wapi?" Kisha akauimba ubeti ambao kwenye kaseti haumo. Hakuna mtaalamu ambaye angetupa hayo.

Kwa hiyo tengeneza kifaa kinachonasa jibu. Mimi napenda simu ya mezani ya zamani iliyogeuzwa icheze wimbo: ukiinua mkonga sauti inaanza, ukiurudisha inakatika, na pembeni kuna kitufe cha kurekodi. Wazee hawahitaji maelekezo. Weka mikonga miwili, bibi na mjukuu wasikie pamoja, maana maelezo mazuri hutoka pale mtoto anapouliza. Kando ya soko la Mbuyuni spika ya wazi haifai kitu, kelele zinaimeza. Vipande viwe vifupi, dakika moja hivi. Betri ya akiba usiisahau.

Kanda yenyewe isitoke stoo. Vunja vile vidude viwili mgongoni mwa kaseti ili isifutike kwa bahati mbaya, ihamishe kwenye faili la WAV, yaani faili la kompyuta lenye sauti isiyobanwa, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 au zaidi, halafu mezani upeleke nakala.

Nyimbo za msiba na za jando usizicheze hadharani kabla ya kuwauliza wazee wa pale zilikotoka. Wakikataa, zirudishe stoo bila ubishi. Anayerekodiwa naye aambiwe sauti yake itakaa wapi, na nani ataisikia.

Jioni ileile andika majibu kwenye orodha ya kanda. Maelezo ya zamani usiyafute hata kama yamekosea. Ongeza jipya chini yake, na tarehe, na jina la aliyesema kama ameridhia. Yule mama tulimpa nakala kwenye flashi, akaja tena na dada yake.